Mkono Mmoja Safi

Yai lilikuwa bado na joto la kuku wakati Nkrabeah alipolifumbata na kuanza kuteremka mtoni. Nyuma yake mji mzima ulimfuata ukiimba, mchungaji akiongoza wimbo.

Yeye hakuimba. Alikuwa bado amevaa nguo ya msiba, nyekundu na nyeusi.

Kwanza kilikuwa kisima. Mbunge alikizindua kwa mbwembwe, pesa zikaliwa, maji hayakutoka. Kisha likaja paa la shule. Safari hii lilikuwa gari la wagonjwa: lililipiwa, likapigwa picha na utepe wake, halikuonekana tena. Birago, mke wa Nkrabeah, aliposhikwa na uchungu, walimpakia kwenye pikipiki. Alikata roho njiani, mtoto akiwa tumboni.

Kila kashfa watu walinguruma. Tume iliundwa, ikala, ikaaga. Na kila uchaguzi walimrudisha yuleyule.

"Safari hii hatuendi polisi," Nkrabeah aliwaambia sokoni. "Tunampeleka mtoni. Mto haupokei bahasha."

Walimshangilia mpaka machozi yakamtoka. Nani asiyeujua mto ule? Unataja kosa, unavunja yai majini, na mwenye kosa hamalizi mwaka.

Kuhani wa mto, bibi mwembamba waliyemwita Nana, aliwangoja juu ya jiwe, chupa ya pombe kali mkononi.

"Mnamlaani nani?"

"Mbunge!" umati ukaitikia.

"Mto haujui vyeo, wanangu. Mto hufuata mali iliyoibwa. Utamfikia aliyeiba, na utamfikia kila aliyeonjeshwa. Kijiko au sufuria, kwake ni kosa moja." Akawatazama. "Haya, wenye mikono safi waje waliguse yai."

Wimbo ulikatika.

Fundi cherehani alikuwa wa kwanza kukohoa. "Jamani, nimeacha pasi imewashwa."

"Pasi gani, na umeme umekatika tangu asubuhi?" muuza samaki alimcheka. "Au ni ile cherehani mpya yenye rangi za chama?"

"Na wewe jokofu lako lilishuka na mvua?"

Watu wakacheka. Muuza samaki hakucheka. Baada ya muda kidogo naye alikumbuka kwamba ameacha samaki juani.

"Mimi ni mtu wa Mungu," alisema mchungaji, "mambo ya mito hayanihusu." Alipanda kilima haraka, kuelekea kanisa lake lenye spika mpya.

Wakaondoka wawili wawili, kisha kwa makundi, macho chini.

"Waoga!" Nkrabeah alipiga kelele. "Mmelishwa kama kuku, na kama kuku mtachinjwa!"

Hakuna aliyegeuka. Alibaki Serwaa peke yake, dada wa marehemu, amefumbata mikono kifuani.

"Usilie, mwanangu," alisema Nana. "Mto hauhitaji umati. Mkono mmoja safi unatosha."

"Basi ni huu hapa."

Na mji mzima ungemtolea ushahidi. Mchele wa kampeni aliumwaga barabarani mbele ya waliouleta. Fulana ya chama aliifanya tambara la kufutia baiskeli. Hata kofia hakupokea.

Nana alimimina pombe majini. Nkrabeah akaingia mpaka magotini, akainua yai. Alimwona tena Birago katika lile jeneza jeupe lenye vishikio vya dhahabu, zuri kiasi kwamba waombolezaji walinyamaza kulitazama. Siku zile yeye alikuwa amelala mkekani, hajui nani kaja wala nani kaleta nini.

"Uhai walimnyima," alisema. "Lakini angalau mke wangu alizikwa kama malkia."

Serwaa aliingia majini na nguo zake, akamshika kiwiko.

"Shemeji," alisema polepole, "lile jeneza."

"Limefanya nini?"

"Wewe ulikuwa hujitambui." Hakuweza kumtazama usoni. "Tulimshukuru mbunge kwa kipaza sauti."

Maji yaliendelea kupita katikati ya miguu yao.

Jioni ile Nkrabeah alilichemsha lile yai, akalimenya, akalila bila chumvi.