Fundo la Puto

"Hewa inayopanda juu ya mji wetu," Tunu aliwaambia wageni, "hupita mawingu, ikasafiri taratibu huko juu kwa miaka, ikibeba gesi ya ozoni hadi kwenye ncha za dunia. Huko ndiko inakoshukia."

Maneno hayo yalikuwa ya Sikudhani. Yeye ndiye aliyemfundisha Tunu alipoajiriwa katika kituo cha hali ya hewa, hata ule mkono wa kunyanyua polepole kuonyesha hewa inavyopanda. Na leo, mbele ya wageni, Tunu ndiye angerusha puto. Sikudhani, aliyelirusha miaka yote, alikuwa amechuchumaa akifunga kwenye puto kamba ya kisanduku cha kupimia ozoni, roho ikimuuma. Fundo hilo hukazwa mara mbili lisije likafunguka angani. Alilikaza mara moja, akainuka.

"Kagua fundo kwanza," mkuu wa kituo alimwambia Tunu, maana ndivyo afanyavyo kila anayerusha.

Tunu akacheka. "Fundo la dada Sikudhani la kukaguliwa? Haya yote niliyowaeleza kanifundisha yeye."

Wageni wakamgeukia Sikudhani, wakampigia makofi. Uso ukamwiva. Akafungua mdomo aseme, lakini Tunu alikwisha kuliachia puto.

Wote waliinua macho kulifuata, jeupe, likizidi kuwa dogo. Sikudhani hakulitazama puto. Alitazama chini yake, kwenye kisanduku kilichokuwa kikiyumba kambani, kikipanda.