Wakili wa Sihaba

Wakili aliinuka, akafunga kifungo cha koti lake jeusi, na Sihaba akatambua kwamba mtu huyu anakwenda kumtetea bila hata kuijua sauti yake.

Serikali ilimpa wakili kwa sababu kesi ilikuwa ya kunyongwa na yeye hakuwa na uwezo wa kuweka wakili wake mwenyewe. Bwana huyo alishuka Kilindoni asubuhi ileile kutoka Dar es Salaam, uso ungali umempauka kwa kichefuchefu cha bahari. Sihaba alidaiwa kumuua mumewe kwa kusudi, kwa kumpikia bunju, samaki mwenye sumu.

"Bwana Jaji," Sihaba alisema. Askari akamshika bega amketishe, lakini Sihaba hakukaa. "Mmenipa mtu wa kunisemea, nashukuru. Ila hajaniuliza hata neno moja. Atanisemea nini?"

Mkalimani akatafsiri kwa woga. Jaji alimtazama wakili, kisha akaweka kalamu chini.

"Tunasimama mpaka msikilizane."

Wakili akaja kuketi kando yake. "Niwie radhi, mama. Nieleze."

"Samaki aliletwa ameshachunwa, vipande vitupu. Sikumtambua. Na mimi nilikula. Midomo ilinifa ganzi, nikadhani nami nakwenda."

"Hilo halikusemwa popote! Nani alimleta?"

Sihaba akageuka kumtafuta shemeji yake, shahidi mkuu wa serikali. Shemeji alikuwa amekwisha inuka, yuko mlangoni, mguu unapapasa kubadhi alizovua, atoke.