Mkeka wa Mfiwa

Siku hizi mfiwa hajiteui. Wanawake wa marehemu, waliomo ndoani na walioachwa, hulazwa mmoja mmoja kwenye mashine ya sumaku, kemikali za bongo zao zikalinganishwa. Mwenye huzuni kuliko wenzake ndiye hukalia mkeka na kupokea pole. Waliobaki huenda jikoni.

Zuwena, mke wa marehemu Kombo, alikwenda kupimwa akiwa ameshajifunga kaniki ya msiba. Mpimaji aliangalia chini.

"Bi Zuwena, ubongo wako umetulia tuli. Mkeka ni wa Bi Tunu."

Tunu ni mtalaka wa Kombo. Aliachwa ili Zuwena aolewe.

Sasa Zuwena yuko uani anachambua mchele wa hitima. Kila mwanamke anayepita kwenda kumpa Tunu pole humtupia jicho, kisha akajifunika mdomo kwa kanga. Hata bintiye mwenyewe anamkwepa.

Alasiri Tunu alitoka, macho yamemvimba, akachuchumaa kando ya ungo.

"Mwenzangu," alisema taratibu, "mimi nilikusamehe zamani. Nilidhani unampenda kuliko mimi."

Zuwena akauinamia mchele uliokwisha kuwa safi, akaanza kuuchambua upya.