Kijiko Chini ya Godoro

Haya ni kweli tupu. Naapa kwa meno machache niliyobaki nayo: ninyi mliokaa hapa, atakayenikamata na neno moja la uongo, nitakunywa chai bila sukari mbele yake mpaka tone la mwisho, na uso sitaukunja.

Mambo yalianza na kijiko. Mama Kabedi wa mtaa wa Kasulo alikuwa anatandika kitanda, akainua godoro, akakuta kijiko cha chai kimegandwa na udongo mwekundu.

Kolwezi nzima inajua: udongo mwekundu ndani ya nyumba ya Kasulo si wa kufagia na kusahau. Watu kule walichimba kobalti chini ya sebule, chini ya jiko, wengine wakapita chini kwa chini mpaka kwa jirani. Ukuta wa Mama Kabedi ulikuwa na ufa tayari, na shimo lililoupasua halikuwa hata lake, lilikuwa la jirani. Ndiyo maana alikwisha kumwonya mume wake, Tata Kankolongo, mzee mstaafu wa migodi:

— Siku mi nitaona shimo mu hii nyumba, nafunga bitu yangu, naenda kwa kaka yangu kule Sandoa. Utabakia na shimo lako, likupikie.

Tata Kankolongo alicheka. Mawe aliyaona kazini mpaka akayakinai.

Haja yake ilikuwa chai. Mtaa ule kila mtu na chai yake. Jirani yao Leila hutia tangawizi mpaka mgeni atoe machozi. Dimitri mchimbaji hunywa ya maziwa ya unga, nzito kama uji, mkate unazama humo hauonekani tena. Mama Kabedi hupenda ya mchaichai, nyepesi. Tata Kankolongo yeye alitaka sukari nyingi, kijiko kisimame chenyewe ndani ya kikombe. Alikunywa hivyo mpaka siku muuguzi alipompima damu, akaguna. Sukari ikaingia sandukuni, sanduku likapata kufuli, ufunguo ukaning'inia shingoni mwa Mama Kabedi.

Watu walingoja anung'unike. Wapi! Mzee aliokoka. Akawa mhubiri wa chai chungu, akimkuta Dimitri na kikombe chake anamwambia, "Wewe ungali unanyonya." Jambo moja tu: chai yake aliinywea chumbani, mlango umefungwa. Chai chungu, alisema, inataka utulivu kama sala. Na kweli, akitoka humo uso unang'aa.

Sasa Mama Kabedi akampelekea Dimitri kile kijiko. Dimitri akakigeuza, akakinusa.

— Mama, tata iko anachimba.

— Na kijiko?

— Iyo njo akili yake. Kijiko haina kelele. Mu chumba hauonake kitu ingine?

— Sisimizi. Banatoka chini ya kitanda, mustari muzima.

— Unaona. Amebabomolea nyumba yabo.

Mama Kabedi alirudi nyumbani akafunga nguo zake katika kitenge, akaliweka furushi mlangoni, akamsimamisha mtu wa pikipiki nje. Kisha akawaita Dimitri na Leila wawe mashahidi.

Walimkuta Tata Kankolongo amelala katikati ya kitanda, mikono na miguu ameitandaza kama ngozi iliyoanikwa.

— Tata, ondoka pa kitanda.

— Mugongo inaniuma.

— Iende kukuuma pa chini.

Hakuondoka. Wakamsukuma pamoja na kitanda chake. Chini palikuwa na kipande cha bati, na chini ya bati, shimo.

Mama Kabedi aliutazama ufa ukutani, akalitazama furushi, akamtazama mwanaume aliyezeeka naye.

— Unachimba pale mi nalalaka, akasema taratibu.

Nje pikipiki ikapiga honi. Leila akainamisha macho. Dimitri akalala kifudifudi, akaingiza mkono shimoni, ukazama mpaka begani. Akapapasa. Akashika kitu.

Basi, alichokitoa humo lilikuwa jiwe. Kobalti safi, kubwa kama kichwa cha mbuzi, inang'aa mpaka Leila akajikinga macho. Mtaa mzima ulipiga vigelegele. Mwenye pikipiki alirudishwa bila abiria, furushi likafunguliwa, na Tata Kankolongo akanunua nyumba ya ghorofa Lubumbashi, ambako yeye na mke wake wanakula raha mpaka leo, ndiyo maana hamwaoni tena hapa Kasulo.

— Kubwa kama kichwa cha mbuzi? akauliza mwanamke aliyekuwa anamimina chai nyuma yangu.

— Mbuzi dume, nikajibu bila kugeuka.

Akaweka mezani kopo kuukuu la maziwa ya unga, mfuniko wake ungali na udongo mwekundu. Akalifungua mbele ya watu wote: sukari nusu, sisimizi nusu. Kisha akainama kunisogezea kikombe cha chai chungu, na ufunguo uliokuwa shingoni mwake ukagonga meza.

— Kunywa, Tata Kankolongo, akasema. Na usikunje uso.

Nikanywa mpaka tone la mwisho. Uso ulijikunja wenyewe.