Waliolala Humu

Fundi friji aliloweka nguo safi kwenye beseni, akazikamua, akazianika uani. Magauni mawili madogo, kaptula moja, na kanga ya mkewe. Hakuna hata moja iliyokuwa chafu. Kisha akapanga kandambili za watoto mlangoni, moja akaipindua makusudi, maana watoto hawapangi viatu, akarudi nyuma kidogo kuitazama kazi yake.

Karani wa sensa alikuwa ameshafika nyumba ya jirani. Kuta za mtaa ule hazina siri, na fundi alisikia kila swali: kaya hii ina watu wangapi, nani na nani walilala humu usiku wa kuamkia leo. Jirani alijibu kwa sauti ya mpiga mnada. Watu kumi na mmoja, Mungu ampe nini tena. Fundi akaona aibu inampanda mpaka masikioni. Mwanamume mzima, nyumba ya vyumba vitatu, aandikwe na serikali kuwa mtu mmoja?

Kosa lilikuwa lake na alilijua. Siku moja, mbele ya mashemeji, alimwambia mkewe kwamba aliyechoka, mlango uko wazi. Kwake yalikuwa maneno ya kukolezea ugomvi tu. Mke aliwavisha watoto viatu, akautumia huo mlango. Fundi akasema atarudi mwenyewe, akajikaza kisabuni, miezi ikapita.

Baadaye alisikia kwamba mkewe amepanga chumba nyuma ya kiwanda cha magodoro, anasuka watu nywele barazani. Tangu hapo hakuthubutu hata kupita upande ule. Alikuwa na hakika kwamba kila mteja anayekaa kwenye kigoda chake anaondoka na mistari yake kichwani na habari zote za mume asiyefaa. Na kibaya zaidi, hakuona neno hata moja ambalo angeweza kulikanusha.

"Hodi."

Karani alikuwa binti mwembamba, kizibao cha sensa kimempwaya, kishikwambi mkononi. Alimwamkia kwa heshima, akakaa, akamwuliza jina. Fundi alipolitaja, kidole cha binti kikasimama hewani kabla hakijagusa kioo.

"Fundi friji," binti alisema, wala hakusema kama anayeuliza.

Fundi akacheka, akamwonyesha friji iliyofumuliwa pale ukumbini. Mwenye macho haambiwi tazama.

"Na kazi unafanya usiku, baba?"

"Usiku? Friji haina haraka hiyo, mwanangu. Usiku nalala zangu."

Binti akaitikia kwa kichwa, akainama. Akauliza waliolala humu. Hapo fundi akamimina yote aliyoyafanyia mazoezi tangu alfajiri: yeye, mkewe, mapacha wa kike, na kitindamimba wa kiume. Walikuwa wametoka kidogo na mama yao kwenda sokoni, si unajua wanawake na soko, huenda wakachelewa.

"Mapacha wako darasa la ngapi?"

"La pili."

"La pili au la tatu?"

Fundi akadhani binti amepiga hesabu kwa umri wao. Halafu ikamjia: mwaka wa shule ulikuwa umegeuka wao wakiwa hawapo. Wanawe wamepanda darasa na baba yao hana habari. Kijasho kikamtoka. Akasema ndiyo, la tatu, uzee huu unatusahaulisha.

Binti hakuandika. Alikuwa akiitazama kamba ya nguo, yale magauni ambayo yasingemwenea mtoto wa darasa la kwanza, sembuse wa la tatu. Fundi naye akayatazama. Yalikuwa yale ambayo mama yao hakuyachukua kwa sababu yalikuwa yameshawabana.

"Baba," binti alisema taratibu, akakilaza kishikwambi mapajani, "mimi nimekula kiapo. Ya nyumba moja siyapeleki nyumba nyingine. Lakini hesabu yangu ikivurugika nitaulizwa mimi. Nisaidie."

Fundi alitazama vidole vya miguu yake. Angeweza kung'ang'ania, ulimi anao. Lakini kumdanganya binti wa watu, mdogo hivi, aliyemwita baba, kulimtia haya kuliko hata kuachwa.

"Humu niko mimi tu," alisema. "Niliwafukuza kwa mdomo wangu, wakaondoka. Zile nguo nimezilowesha mwenyewe leo asubuhi." Akakionyesha kishikwambi kwa kidevu. "Andika mtu mmoja, mwanangu. Yaishe."

Binti hakukigusa kishikwambi. Aligeuka kuelekea ukuta wa jirani, akasikiliza kidogo, kisha akasogeza kiti.

"Na huyo mmoja siwezi kumwandika, baba. Nimeshamwandika asubuhi, kule nyuma ya kiwanda cha magodoro. Mama watoto alisema umetoka zamu ya usiku, umelala chumbani. Akaniomba tuongee polepole, tusikuamshe."