Muhogo wa Nyuma ya Nyumba

Kila asubuhi Mama Koleta, jirani mgeni aliyetoka upande wa wala ndizi, alichungulia juu ya ua wa Siwatu na swali lake lilelile.

"Shoga, leo tunapika nini?"

Siku hiyo Siwatu alikuwa hoi. Mwanawe alikuwa akiota meno, na usingizi kwake ulikuwa hadithi.

"Pika muhogo," alijibu bila kuinua kichwa. "Chimba hapo nyuma kwangu. Utie nazi, chumvi, na pilipili moja nzima juu. Wanao watalamba sufuria."

"Hao? Watalamba hadi mafiga!" Mama Koleta akacheka, akaenda kuchukua jembe.

Hapo ndipo uchovu unapomponza mtu. Jua lilipofika utosini, Siwatu alitoka kugeuza makopa yake, vipande vya muhogo aliovianika mkekani, ndipo akakumbuka. Muhogo ule wa nyuma ulikuwa mchungu, wa kuua. Kwao hata mtoto alijua kwamba hauliwi mpaka ulowekwe siku tatu, kisha ukaushwe juani. Kwa kuwa kila mtu alijua, hakuna aliyezoea kulisema.

"Mama Koleta! Usiwape!"

"Umechelewa, shoga, nimeshapakua! Karibu!"

Siwatu akaupasua ua kwa mwili, kanga ikabaki miibani. Watoto wanne walikuwa wamezunguka sinia. Watatu walikuwa bado wakipuliza vipande vyao vya moto. Yule mdogo mikono yake ilikuwa mitupu, na mashavu yamejaa.