Mfungaji wa Bao la Pekee

"Mama, usinitaje kwa redio," Chelagat aliniomba, jezi yake imelowa maziwa ya mtoto kifuani. "Bwana yangu anajua niko soko ya Misikhu."

Ndiye aliyewafungia wanawake wa Kitale bao la pekee dhidi ya Bungoma. Kwangu mimi, mwanafunzi wa masomo ya jioni ya uandishi wa habari mwenye miaka arobaini na mitatu, hii ilikuwa ripoti yangu ya kwanza.

Mhariri wa redio alikuwa akingoja kwenye simu. "Nani amefunga? Bila jina hatusomi, bana."

Nilifumba macho, nikamwomba Mungu anipe neno.

"Jina sina," nikasema.

"Basi huna habari."

Chelagat alininyang'anya simu.

"Andika Chelagat, jezi tisa," akasema. "Na uisome kwenye taarifa ya saa moja. Ndiyo bwana yangu husikiza."